Mtoto wa Pangani Akisomea Uhandisi Tiba, Pangani Inapata Nini?

Kwa miaka mingi damu ya kupimia matende ilichukuliwa usiku. Minyoo wachanga wa ugonjwa huo, wale wanaoelea kwenye damu, mchana hujificha katika mishipa ya mapafu, na usiku, kuanzia kama saa nne hadi saa nane, hujitokeza kwenye mishipa ya pembeni ambako mbu anawafikia. Daktari Patrick Manson ndiye aliyeitambua tabia hiyo kule Amoy, Uchina, katika miaka ya 1870. Tangu hapo kila mtafiti aliyetaka kujua kijiji kina ugonjwa kiasi gani alilazimika kufika giza likiwa limeshaingia, abishe hodi, atoboe watu vidole. Hebu ulete utaratibu huo Pangani au Tongoni, pwani ya Tanga ambako watu wamekua wakisikia habari za mumiani, wale wanaosemekana kutembea usiku wakitafuta damu ya wenzao, halafu umshangae mzee aliyekataa kufungua mlango.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ya karatasi nilizopewa kusoma. Binti mmoja wa Pangani, amemaliza shahada ya kwanza, anaomba nafasi ya kusomea uhandisi tiba mpaka ngazi ya udaktari wa falsafa katika chuo kimoja cha Marekani. Uhandisi tiba, kwa asiyeufahamu, ni fani inayokutanisha biolojia, tiba na ufundi: humo mna vipimo vya haraka, viungo bandia, mashine za hospitali, hadi uhariri wa jeni. Baadhi ya vyuo vya huko hudai karatasi mbili, moja ya kueleza utafiti unaotaka kuufanya, nyingine ya kujieleza wewe ni nani na umetokea wapi. Alinifuata nyumbani Ngamiani, akaamkia, akakaa, akasema, "Mjomba, naomba unisomee. Ila usinihurumie."

Sikumhurumia. Ile ya utafiti ingeweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote wa Seoul au Toronto. Ile ya kujieleza ilijaa maneno ya kujivunia asili na kuitumikia jamii, maneno ambayo wanaosoma maombi wameshayasoma mpaka yamewachosha. Karatasi zenyewe hazikujuana kabisa. Ungezichanganya na za waombaji wengine kumi, usingejua ipi ni ndugu ya ipi.

Hoja yangu ni kwamba zilipaswa kusema jambo moja. Asili ya mtafiti inaifaa sayansi pale inapobadili swali linaloulizwa maabara. Isipobadili swali imebaki pambo la barua, na jamii inayotajwa humo haitapata kitu hata barua ikishinda.

Chukua sentensi moja ya binti huyu. Aliandika kwamba bibi yake aliugua ugonjwa wa kitropiki usiopewa kipaumbele. Basi, akaenda aya nyingine. Nikamwambia aiweke karatasi pembeni, anieleze bibi. Hapo ndipo yalipotoka. Bibi alikuwa na tende la mguu wa kushoto. Akikaa barazani, leso moja kiunoni, ya pili juu ya mguu, hata jua likiwa kali. Kila jioni beseni, maji na sabuni ya mche, kisha kitambaa cha pamba cha kukaushia katikati ya vidole, taratibu, kidole kwa kidole, kwa sababu ngozi ikipasuka pale bakteria wanaingia, na wakiingia mguu unawaka moto na homa inamlaza. Kiatu cha dukani kilichoweza kuingia mguu ule hakikuwepo. Mjukuu, akiwa bado shule ya msingi, alimkatia ndala, akaongeza mkanda wa mpira wa tairi upande wa nyuma, akaupigilia kama wanavyopigilia katambuga. Mkanda wa kwanza ulimchubua. Wa pili aliufungia kitambaa kwa ndani.

"Lakini mjomba, hiyo si sayansi," akasema.

Mimi nasema ni sayansi, na ni uhandisi tiba hasa. Kuna kifaa, kuna mtumiaji, kuna jaribio lililoshindwa na rekebisho lake. Na kuna taarifa ambazo huzikuti kwenye jarida: kwamba bibi alikuwa tayari kuchubuka kuliko kuonekana na kiatu cha ajabu, kwa hiyo kifaa chochote kitakachotengenezwa kwa ajili yake sharti kifunikike kwa leso. Mhandisi asiyelijua hilo atatengeneza kitu imara kitakachoishia uvunguni.

Upande wa wanaume mambo ni magumu zaidi. Minyoo hao hao huleta mabusha, na mabusha pwani hii ni jambo la utani wa kijiweni na aibu ya chumbani kwa pamoja. Bado yupo mtu mzima atakayekuapia kwamba busha linatokana na kunywa madafu. Mwenye nalo huvaa msuli mpana au kanzu, huacha kwenda kuoga baharini na wenzake, na upasuaji ambao kwa daktari ni wa kawaida yeye anauahirisha miaka. Watafiti wa Recife, Brazil, walieleza katika miaka ya 1990 jinsi mashine ya mawimbi ya sauti inavyoweza kuwaonyesha minyoo wakubwa wakiwa hai ndani ya mishipa ya limfu ya korodani, wakifurukuta hata watafiti wenyewe wakaita ngoma. Kipimo kizuri mno kwa karatasi. Sasa niambie nani atamshawishi baba wa Kipumbwi avue msuli wake mbele ya kijana mwenye mashine, na ni swali gani la ubunifu linatokana na hapo. Mtu aliyekulia kijiji hicho ana la kusema kabla hajafungua kitabu.

Turudi kwenye damu ya usiku, maana ndiko kwenye kiini cha hoja. Katika miaka ya 1990 vilipatikana vipimo vya kadi, na baadaye vipande vinavyoitwa FTS, ambavyo haviwatafuti minyoo wachanga. Vinatafuta protini inayotolewa na minyoo wakubwa waliojikita kwenye mfumo wa limfu, na protini hiyo haina usiku wala mchana. Tone la damu ya kidole saa nne asubuhi uwanjani mwa shule, dakika kumi, mstari umetokea au haujatokea. Naamini kipande kile kimefungua milango mingi kuliko mikutano yote ya kuwaelimisha watu kwamba mumiani hawapo. Hakuna aliyebadilishwa imani yake. Kilichobadilika ni saa ya kuchukua damu.

Ila kipande kina upungufu wake. Mkoa wa Tanga ulianza kugawiwa kingatiba ya matende mwaka 2004: ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka, kwa kila anayestahili kumeza. Dawa hizo huwafagia minyoo wachanga kwenye damu, lakini wakubwa haziwaui kwa uhakika, nao huweza kuishi miaka kadhaa mwilini. Kwa hiyo mtu anaweza kuonyesha mstari kwenye kipande huku damu yake haina tena mnyoo wa kumpa mbu. Je, ni masalia ya ugonjwa wa zamani, au ndiye chanzo cha maambukizi mapya mtaani? Kipande hakisemi. Ukitaka kujua unarudi kule kule: usiku, tochi ya kichwani, kioo cha hadubini. Ipo njia ya zamani ya kumpa mtu dozi ndogo ya dawa iitwayo DEC mchana ili minyoo watoke mafichoni, lakini DEC ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa usubi, ule unaopofusha macho, na usubi umekuwepo kwenye milima ya Usambara, ndani ya mkoa huu huu.

Hapo pana shahada nzima ya udaktari. Kipimo cha mchana kitakachosema ni nani bado ana minyoo wachanga walio hai. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza kitu cha karibu na hicho: simu iliyofungiwa lenzi, inayowatambua minyoo wachanga wa Loa loa, jamaa wa minyoo wa matende, kwa jinsi wanavyofurukuta kwenye tone la damu, bila kupaka rangi kioo wala kumsubiri mtaalamu. Ikatumika Kameruni kuwabaini watu ambao ivermectin ingewadhuru. Lakini Loa loa hujitokeza mchana. Wetu wanajitokeza usiku, na kamera nzuri kiasi gani haiwezi kumwona aliyejificha mapafuni. Binti huyu ndiye anayeijua mitaa ambako tatizo hili linaishi, na halikuwamo kwenye karatasi yake ya utafiti. Alikuwa ameomba kufanya kazi ya ngozi bandia, eti ndiyo maabara ile inasifika nayo.

Wasiokubaliana nami husema kipimo ni kipimo, fizikia haina kabila. Wangekuwa na haki kama kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kisingekuwepo. Takuo Aoyagi wa Japani ndiye aliyebuni kanuni yake katika miaka ya 1970: unapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole, unakokotoa damu imebeba oksijeni kiasi gani. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nayo hufyonza mwanga. Mwaka 1990 utafiti mmoja wa Marekani ulishaonyesha kwamba kifaa kinawakosea zaidi wagonjwa weusi. Dunia ikaendelea na shughuli zake. Ikaja korona, na Desemba 2020 jarida la The New England Journal of Medicine likachapa hesabu: kati ya vipimo ambavyo kibanio kilisoma asilimia 92 hadi 96, yaani mgonjwa anaonekana hana neno, asilimia 11.7 ya vile vya wagonjwa weusi vilificha upungufu hatari wa oksijeni, dhidi ya asilimia 3.6 ya vile vya wazungu. Miaka 30 kati ya onyo na mshtuko. Fizikia haikukosea popote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, siku ya kurekebisha kifaa, vidole vya nani vimewekwa humo.

Hata vimelea wana asili yao. Kwa miongo mingi maabara za dunia zimefanya kazi kwa kutumia malaria ya aina iitwayo NF54 na kizazi chake 3D7, ambayo asili yake ni mgonjwa mmoja aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi. Kizuri cha kazi inayofanyika Bagamoyo hivi sasa ni kwamba imeuona mtego huo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakishirikiana na Imperial College London, wameunda mbu wenye jeni zilizobadilishwa ndani ya maabara iliyofungwa kwa ulinzi mkali. Matumbo ya mbu hao hutengeneza protini ndogo mbili, moja yenye asili ya chura wa Afrika na nyingine ya sumu ya nyuki, zinazomchelewesha kimelea cha malaria asikomae kabla mbu hajafa. Na hawakuishia kuwajaribu kwa kimelea cha Schiphol. Wamewajaribu kwa vimelea waliotoka kwa watoto wagonjwa wa Tanzania. Swali lenyewe, kama silaha hii inafanya kazi kwa malaria yetu, ni la mtu aliyekaa karibu na wodi ya watoto.

Nasisitiza Bagamoyo kwa sababu pwani hii kwa muda mrefu imetoa miili bila kutoa maswali. Amani, kule juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza wakapafanya makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Muheza ilikuwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa Lapdap, dawa ya malaria iliyokuja kuondolewa mwaka 2008 kwa sababu ilivunja chembe nyekundu za damu kwa wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu wa kurithi ambao umeenea hasa kule kwenye malaria. Huo ni urithi kwa maana isiyo na ushairi wowote: umo kwenye damu, na dawa ilitengenezwa kana kwamba haumo. Kisha chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa, lililoanza mwaka 2009, liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa viwili kati ya vituo hivyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Nchi tatu zilizoanza kuitoa kwenye kliniki za kawaida mwaka 2019 kama hatua ya majaribio zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Uchaguzi ulikuwa na vigezo vyake, na siuiti dhuluma. Maabara zilijengwa, vijana wetu walifundishwa kazi, na watoto waliokuwamo waliangaliwa vizuri kuliko wenzao. Lakini mama wa Korogwe aliyempeleka mwanawe kuchomwa ana haki ya kuuliza nafasi yake kwenye hadithi ni ipi.

Kuna methali wanaoandika barua hizi huipenda: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, na ni nusu ya kweli. Aliyekilalia tangu utotoni naye hufika mahali haoni tena kwamba anaumwa. Kule Makunduchi, Unguja, aliyetazama ndani ya choo cha shimo na kuona kwamba chembe nyepesi za polistirini zikielea juu ya maji mbu wa Culex, waenezao matende, hawawezi kuzaana alikuwa Mwingereza, Chris Curtis, na wenzake. Wenyeji tulikuwa tumeshazoea mlio wa mbu wale. Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyekulia India, aliona katika kliniki ya Uganda mashine ya kuzungusha damu imegeuzwa kizuizi cha mlango kwa kukosa umeme. Mwaka 2017 maabara yake ikatoa mashine ya karatasi na uzi, isiyofika hata robo dola, inayozungushwa kwa mikono kwa kanuni ya kile kichezeo cha kitufe ambacho watoto wanakivuta kikavuma. Ilifika mizunguko 125,000 kwa dakika. Watoto wa Tanga wamekivumisha kichezeo hicho miaka yote na hatukuwaza damu.

Kwa hiyo mgeni mwenye macho anaweza kuuliza swali zuri, na mwenyeji anaweza kulipita. Faida ya mwenyeji naiona kwingine: ni mtu anayedaiwa. Mradi ukifungwa, mgeni ana ndege. Mwenyeji atakutana na dada wa yule mgonjwa soko la Mgandini, ataulizwa majibu ya vipimo yako wapi, na atatafuta la kusema. Deni hilo haliandikiki vizuri kwenye fomu ya maombi, lakini ndilo linalomfanya mtu arudi kijijini na karatasi ya matokeo mkononi.

Sasa kuna hili neno la jamii zisizowakilishwa, ambalo binti alilitumia mara nyingi kuliko jina la wilaya yake. Huko Marekani lina maana iliyo wazi na uzito wa kweli. Mapitio yaliyochapwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba asilimia 78 ya watu waliomo kwenye tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 2 tu. Akiingia maabara ya Boston binti huyu atakuwa ndiye Afrika nzima, na itambidi azoee kuulizwa maoni ya bara. Lakini akishuka kwenye basi Pangani neno hilo linageuka. Hapa yeye ndiye mwenye shahada, mwenye Kiingereza, mwenye pasi ya kusafiria. Wasiowakilishwa ni wengine: wanawake wa vijijini ambao mguu wao haujapimwa na mtu, wavuvi wanaokuwa baharini siku dawa zinapogawiwa, wafugaji wa huko bara ya Handeni. Na sisi wa Tanga si kitu kimoja. La Mdigo wa pwani silo la Msambaa wa Lushoto, ambako baridi humpunguzia mbu kazi. Anayesema "jamii yangu" naomba ataje kata.

Lipo pia shinikizo la kufuata kinachong'aa. Selimundu, ambayo wengi wetu twaiita sikoseli, ni mfano wa karibu. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwenye nchi za joto kama zetu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu, Casgevy, kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa huko Marekani. Kijana yeyote mwenye akili atataka kuwa kwenye maabara kama ile, na simlaumu, maana ipo siku tiba ya namna hiyo itashuka bei na tutahitaji wanaoijua. Lakini mtoto wa wilaya ya Mkinga anahitaji kwanza kujulikana kwamba ana selimundu kabla homa ya kwanza haijamuua, kwa kipimo cha tone la damu ya kisigino, kisha penisilini, chanjo na haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Hakuna tuzo kubwa kwenye kipimo cha bei rahisi kinachostahimili joto la duka la dawa lisilo na feni. Tuzo ziko kwenye mkasi wa jeni. Aliyetoka Mkinga akijua hivyo na bado akachagua mkasi, sawa, achague. Asiandike tu kwamba anafanya kwa ajili ya Mkinga.

Na akirudi, anarudia nini? Hapa lawama inahama kutoka kwa kijana inatujia sisi. Utafiti uliochapwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye uhaba havifanyi kazi, na anayekaa na kifaa kibovu si profesa, ni fundi wa vifaa tiba. Dar es Salaam wanawafundisha mafundi hao, Chuo cha Teknolojia wana stashahada yake. Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela ina shule ya sayansi za uhai na uhandisi wake, inatoa uzamili na uzamivu. Mbegu zipo. Kinachokosekana mikoani ni meza: chumba chenye umeme wa uhakika, friji inayolindwa, kasma ya kununua vitendanishi bila kusubiri mfadhili, na cheo kwenye muundo wa utumishi kinachomtambua mhandisi tiba kama mtafiti badala ya kumpangia kutengeneza viyoyozi. Mkoa wenye historia ya Amani, wenye bandari iliyopanuliwa na reli inayofufuliwa, haushindwi na meza moja. Sijawahi kusikia ikiombwa kwenye kikao cha bajeti, wala sijasikia mbunge akiulizwa.

Binti alirudi baada ya muda akiwa ameandika upya. Ngozi bandia imetoka. Karatasi ya utafiti inaanza na kipimo cha mchana cha minyoo wachanga, na ile ya kujieleza ina bibi, beseni na mkanda wa tairi, bila neno kujivunia hata mara moja. Nikamuuliza swali ambalo profesa wake atamuuliza: damu yenye minyoo hao ataipata wapi? Akajibu kwamba Marekani haipo, na kwamba hata hapa wenye minyoo wachanga wamebaki wachache, kwa hiyo kazi ya kujaribisha kipimo itafanyika Pangani, usiku na mchana kwa mtu yule yule ili kulinganisha, kila atakayekutwa nao atatibiwa, na kibali kitaombwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Damu ikisafirishwa nje, iwe kwa mkataba. Ameliandika hilo kama sharti: miaka miwili ya mwisho ya masomo awe hapa.

Chuo kikilikubali sharti hilo, aende, na tumchangie nauli. Kisipolikubali, basi la Arusha linaondoka Tanga kila asubuhi.